Kabla Mshale Haujatoka

Leo nawasalimu kwa namna ya pekee ndugu zetu wa Mwankoko, ambao visima vyao vinawanywesha watu wa Singida mjini, kwa sababu nataka kuzungumzia jambo wanalolijua vizuri: upepo.

Singida ni mkoa wa upepo. Wataalamu wa umeme wamekuja na vipimo vyao, wakaenda, wakarudi, na miaka mingi sasa tunasikia mipango ya kujenga mitambo ya umeme wa upepo hapa kwetu. Lakini mama anayepepeta uwele alikwisha kuupima upepo huo kabla yao. Hamwagi ungo ovyo. Anasimama kwanza, anageuza shavu, anadondosha konzi moja aone makapi yanaelekea wapi, anangoja upepo ushike njia moja, ndipo anamimina. Akiharakisha, nafaka inakwenda na makapi.

Kuna mchezo duniani ambao mshindi na mshindwa wanatenganishwa na maarifa hayo hayo. Ni mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki huku mlengaji ameketi mezani. Meza yenyewe ni ya zege, imesimikwa ardhini isitikisike. Bunduki inalala juu ya mifuko miwili ya mchanga, mmoja mbele, mwingine chini ya kitako. Tageti ni karatasi iliyo yadi 100 mbele, yaani kama meta 91. Mlengaji anapewa dakika saba arushe risasi tano. Haulizwi kama amepiga katikati ya duara. Anaulizwa jambo moja tu: risasi zako tano zimeachana kiasi gani? Yanachukuliwa matundu mawili yaliyo mbali zaidi, inapimwa nafasi kutoka kitovu cha moja hadi kitovu cha jingine, na mwenye nafasi ndogo ndiye mshindi.

Msikilizaji anaweza kusema, bunduki imeegemezwa kwenye mifuko, mtu amekaa kitako, sasa hapo kuna mchezo gani? Naomba asubiri kidogo. Mwaka 1973 Mmarekani mmoja, Mac McMillan, alirusha risasi zake tano, na zilipopimwa zilikuwa zimeachana inchi 0.009. Hiyo haifiki hata robo ya milimita. Rekodi hiyo ilikaa miaka 40. Watu walibadilisha mitutu, wakabadilisha darubini, wakabadilisha baruti, rekodi ikakaa. Mwaka 2013 ndipo mlengaji mwingine, Mike Stinnett, akapata inchi 0.0077. Miaka 40 ya kazi, na walichopunguza ni kama sehemu moja ya thelathini ya milimita.

Na kama risasi tano zimepita kwenye tundu moja, nani atathibitisha kwamba ni tano, si tatu? Hapo waandaaji wa mchezo walifikiri vizuri. Nyuma ya tageti wanaweka ukanda wa karatasi unaosogea polepole wakati mlengaji anarusha. Tundu la mbele linaonekana moja, lakini kwenye ule ukanda wa nyuma kila risasi inaacha alama yake peke yake. Msimamizi anaukunjua na kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Anayetaka kudanganya hana mlango.

Sasa watu hawa wanafikaje huko? Kwanza, hawanunui risasi dukani. Kila mmoja anakuja uwanjani na vifaa vyake vya kushindilia risasi, na maganda machache tu, pengine 15 au 20, yaliyochongwa yakaoana na chemba ya bunduki yake na si ya mtu mwingine. Akimaliza kurusha, anaokota maganda yale yale, anayasafisha shingo, anayabana yarudi kwenye kipimo, anaweka fataki mpya, anamimina baruti kwa kipimo chake, kisha anasukuma kichwa cha risasi taratibu kwa mashine ya mkono mpaka kikae panapotakiwa. Kazi hii anaifanya hapo hapo uwanjani, kati ya zamu na zamu. Na baruti ile ile iliyomtii asubuhi kukiwa na baridi inaweza kumwasi saa saba mchana jua likiwa kali. Basi anaongeza kidogo au anapunguza kidogo, anaandika kwenye daftari, anarusha tena. Daftari la mlengaji mzuri lina hali ya hewa ya kila siku aliyowahi kwenda uwanjani.

Kuna habari moja kuhusu risasi hizo ambayo nadhani itawavutia waliopita mgambo. Risasi iliyotawala mchezo huu kwa miaka mingi inaitwa 6 PPC. Waliibuni mwaka 1975 daktari mmoja wa upasuaji, Lou Palmisano, na fundi wa bunduki, Ferris Pindell. Ganda walilolitumia lilitoka kwenye risasi ya Kirusi ya kipenyo kidogo, na ile ya Kirusi ilitokana na risasi ya milimita 7.62 kwa 39, risasi ya bunduki ambayo sisi tunaiita SMG. Kwa hiyo ganda linaloshinda mashindano ya utulivu mkubwa kuliko yote ni mjukuu wa ganda ambalo kijana wa mgambo wa Singida anaokota kwenye uwanja wa shabaha.

Jambo la pili ni upepo wenyewe. Kati ya meza na tageti wanasimamisha vibendera vyepesi vyenye mikia ya utepe, safu nzima. Upepo mdogo wa pembeni, ambao wewe shavuni unauona kama burudani, unaihamisha risasi milimita kadhaa, na katika mchezo huo milimita moja ni kushindwa. Ndiyo maana mlengaji mgeni anaangalia tageti, na mkongwe anaangalia bendera. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na walengaji huko Houston, Texas, waliopata nafasi ya kufanyia majaribio ndani ya ghala refu, mahali ambapo hakuna upepo kabisa. Humo ndani waliona bunduki nzuri yenye risasi iliyoandaliwa vizuri inarudia tundu lile lile kila siku. Makosa mengi yaliyokuwa yanalaumiwa kwenye mtutu yalikuwa ya upepo ambao mlengaji hakuusoma.

Na la tatu, ambalo ndilo lililonifanya niandae mazungumzo haya. Sehemu kubwa ya mchezo huu haifundishwi shuleni. Chipukizi anafika uwanjani, mkongwe anamwazima bunduki, anamwazima mifuko, anamketisha, naye anasimama nyuma yake. Atashindana naye kesho, na pengine chipukizi huyo atamshinda, lakini leo anamwonyesha. Anaanza na usalama: usiweke baruti za aina mbili juu ya meza moja, usishindilie ukiwa unaongea na mtu, ukiwa na shaka na ganda moja yamwage yote uanze upya. Baruti ikizidishwa kwenye ganda inaweza kupasua bunduki usoni pa mrushaji. Baada ya hapo ndipo wanafika kwenye upepo.

Turudi nyumbani. Naomba nieleweke, na wazazi wanisaidie kulieleza hili kwa vijana: hapa Tanzania mambo ya silaha yanaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kumiliki bunduki kunahitaji leseni, na kutengeneza silaha au risasi bila leseni ni kosa la jinai. Tunayo historia ndefu ya gobore katika mikoa hii ya kati na magharibi. Magobore yaliingia na misafara ya karne ya 19, na Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga nguvu yake kwa vijana waliobeba silaha hizo. Kushindilia gobore kwa mkono ni ujuzi ambao babu zetu wengi walikuwa nao. Lakini gobore la leo lililofichwa darini, lenye mtutu uliotengenezwa kwa bomba la maji, limewakata watu vidole na limeua watu na wanyama. Jeshi la Polisi limetangaza zaidi ya mara moja vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari. Mwenye nalo alipeleke. Sina neno zaidi juu ya hilo.

Shabaha ya bunduki iliyo halali kwetu inafundishwa jeshini, polisi, JKT na mgambo. Michezo ya majeshi inayosimamiwa na BAMMATA ina kulenga shabaha kama ilivyo na soka na riadha. Na waliopita mafunzo ya mgambo katika kata zetu wanaikumbuka siku ile ya mwisho: umelala kifudifudi, kitako kimebana bega, mkufunzi amechuchumaa ubavuni. Vuta pumzi. Toa nusu. Bana. Bonyeza polepole. Nimewasikia wengi wakisimulia, na kitu kimoja kinajirudia. Wale waliopiga vizuri wanamtaja mkufunzi aliyenong'ona. Waliokosa wanamtaja aliyefoka.

Lakini kama mtu angeniuliza, katika mkoa wetu wa Singida, wako wapi watu wanaoishi maisha ya yule mlengaji wa mezani, wanaotengeneza kila wanachorusha kwa mikono yao, wanaosoma upepo kila siku, wanaolea chipukizi bila ada na bila cheti, nisingempeleka kambi yoyote. Ningempeleka Wilaya ya Mkalama, kijiji cha Munguli, kwa Wahadzabe, wawindaji wa upinde.

Wengi tunapotaja Wahadzabe tunafikiria bonde la Yaeda kule Manyara, au Mangola wilayani Karatu, wanakokwenda watalii. Tunasahau kwamba wamo pia upande huu wa Ziwa Eyasi, ndani ya mkoa wetu. Kwa jumla ni watu wachache, elfu moja na ushee tu wote. Na ni walengaji ambao wanasayansi wamekuwa wakivuka bahari kuja kuwatazama kwa miaka mingi, akiwemo mwanaanthropolojia James Woodburn aliyefika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Tazama mzee wa Kihadzabe anavyotengeneza mshale. Anachagua kijiti, anakimenya gome, anakipitisha juu ya makaa mpaka kilegee. Kisha anakiweka kinywani. Anakibana kwa meno pale penye kibyongo, anakipinda kwa mikono miwili, anakitoa, anafumba jicho moja na kutazama urefu wake wote kuanzia kichwani hadi mkiani. Bado. Anarudisha kwenye makaa, anarudisha menoni. Atafanya hivyo mpaka jicho liridhike. Halafu manyoya: anayakata, anayapanga mkiani, anayafunga kwa uzi wa kano ya mnyama alioutafuna kwanza ulainike, maana kano ikifungwa ikiwa mbichi inakaza ikikauka. Ncha ya chuma ataigonga kutoka kwenye msumari, au ataipata kwa wahunzi wa Kitatoga kwa kubadilishana. Ugwe wa upinde nao ni kano.

Na mshale si mmoja. Upo wa ncha ya mti mtupu, wa ndege na wanyama wadogo. Upo wa chuma kipana usio na sumu. Upo wa sumu, wenye vinundu vya kuzuia usichomoke, na ule anaufunga kwa ngozi, kwanza ili sumu isikauke, pili ili isimguse mtoto. Sumu mojawapo, wanayoiita panjube, inatoka kwenye ule mmea wa shina nene na maua mekundu ambao watu wa mjini tunaupanda kwenye vyungu barazani. Mlengaji wa Texas ana baruti yake ya asubuhi na ya mchana. Mzee wa Munguli ana mshale wa kanga, wa swala na wa nyati, na anajua ni upi ashike kabla hajamwona mnyama, kwa kusoma nyayo tu.

Mishale hii ina heshima yake pia. Wanaume wanapocheza lukuchuko, mchezo wao wa kurusha vipande vya magome, wanawekeana dau la mishale ya sumu yenye ncha za chuma. Kwa hiyo mshale mzuri unazunguka, unatoka mkononi mwa fundi na kumfikia mtu wa kambi nyingine, na huko unatazamwa, unaigwa. Kwa njia hiyo ufundi unasafiri bila mtu kuuhubiri.

Sasa ndugu wakufunzi, walimu wa michezo, na nyinyi wazazi, hapa ndipo naomba masikio yenu. Mtoto wa kiume wa Kihadzabe anapata upinde wake wa kwanza akiwa na miaka mitatu hivi. Mdogo, unaomtosha, umetengenezwa na baba au kaka. Hapewi hotuba. Anaachwa arushe. Anarusha kwenye majani, kwenye mijusi, kwenye panya, kwenye ndege, akiwa na wenzake wa rika lake na wale waliomzidi miaka miwili mitatu, na sehemu kubwa ya anachojifunza anakipata kwao. Upinde unakua naye. Ukivunjika anatazama mkubwa anavyounda mwingine, na safari nyingine anaunda mwenyewe. Wazee wapo, wanaonekana wakinyoosha mishale kila jioni, na anayetaka kujua anakaa karibu.

Mimi naamini sisi tuliosoma tunafundisha kwa mdomo kupita kiasi. Tunampa kijana maneno mia kabla hajashika kitu, na akikosa mara ya kwanza tunamwambia hana kipaji. Yule mkongwe anayesimama nyuma ya meza ya zege na yule mzee anayenyoosha mshale menoni hawajawahi kusikiana, lakini wote wawili wanampa mgeni kifaa halisi, wanamwacha arushe, wanasahihisha jambo moja kwa wakati, na hawafichi ufundi wao. Kuficha ndiko kunakoua fani. Nimewaona mafundi wetu, wa baiskeli, wa redio, wa cherehani, wanaomgeuzia kijana mgongo wakifika kwenye sehemu nyeti ya kazi, eti asije akawanyang'anya wateja. Fundi wa namna hiyo akifa, tunazika na kazi.

Na hatari hiyo ipo Mkalama kwa sababu nyingine. Pori linapungua. Mashamba na mifugo vinasogea, miti inakatwa, wanyama wanahama. Mtoto wa Kihadzabe anakwenda shule, na ni haki yake kwenda, wala nisisikike nikisema asiende. Ninachosema ni kwamba anapofika shuleni kipimo cha uwezo wake kinakuwa kitu kimoja tu, daftari, na ile shabaha aliyokuja nayo haiulizwi na mtu. Mwalimu wa michezo anampanga kwenye timu ya mpira kama beki wa akiba. Mtoto anayeweza kumdungua ndege mtini kwa mshale aliouunda mwenyewe!

Kulenga shabaha kwa upinde ni mchezo wa Olimpiki. Umekuwemo bila kukatika tangu Munich mwaka 1972. Mlengaji anasimama meta 70 kutoka kwenye tageti, na duara la alama kumi lina upana wa sentimita 12.2. Jirani zetu wa Kenya walimpeleka Shehzana Anwar kwenye upinde katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, tena yeye ndiye aliyeibeba bendera ya taifa lake siku ya ufunguzi. Sisemi kwamba mwindaji wa porini atageuka bingwa wa meta 70 kwa siku moja. Upinde wa mashindano ni kifaa kingine, una vizani na kilengeo, na mwindaji amezoea kunyata mpaka amkaribie mnyama, si kusimama mbali kwenye mstari. Lakini jicho lipo, mkono upo, utulivu upo, na kusoma upepo kupo. Vitu hivyo ndivyo vinavyochukua miaka. Kilengeo mtu anaelekezwa wiki moja.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, na nalielekeza kwa maofisa utamaduni na michezo wa Manispaa ya Singida na wa Halmashauri ya Mkalama. Michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISETA, itakapoanza kuchujwa katika ngazi za wilaya, tengeni nusu siku ya upinde. Magunia ya majani makavu yanatosha kwa tageti, na viwanja tunavyo. Mishale iwe ya ncha ya mti, bila chuma, bila sumu, watazamaji wakae nyuma ya mstari. Waiteni wazee wa Munguli waje kama walimu, wasiwe maonyesho ya kupigwa picha. Walipwe posho kama anavyolipwa mkufunzi mwingine yeyote. Wapeni asubuhi nzima wakae na watoto wa Mwankoko, wa Kinyaturu na wa Kinyiramba, waanze na kunyoosha kijiti kwenye makaa, kabla mtoto hajavuta ugwe hata mara moja. Upimaji ufanywe kama ule wa mezani: msiulize nani kapiga katikati, pimeni mishale mitano imeachana kiasi gani, maana hapo mtoto anajifunza kwanza kurudia jambo lile lile, na katikati atapafikia baadaye.

Na wewe mkufunzi wa mgambo unayenisikiliza, zamu yako ijayo ikifika, yule kijana aliyekosa risasi zote usimpigie kelele. Chuchumaa karibu yake, mwonyeshe nyasi zilizo kati yenu na tageti zinalala upande gani, kisha mpe nafasi arushe tena.